Video ya roki ya kazi ya chuo: kaida zipi uzifuate, ipi uivunje

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mawasiliano au filamu aliyepewa kazi ya kutengeneza video ya wimbo wa roki, kisha aeleze kwa maandishi ni wapi amefuata kaida za utanzu huo na ni wapi amezipinga. Mimi ni mpiga video, na wanafunzi huniletea kazi hizi nizitazame kabla hawajaziwasilisha. Kinachowaangusha wengi si vifaa. Video inataka kuvunja kila kitu kwa pamoja, na mtazamaji anabaki hajui kilichovunjwa ni kipi. Ushauri wangu ni mmoja: fuata karibu kaida zote kwa uaminifu, halafu chagua moja uivunje tangu mwanzo hadi mwisho.

Nitatumia mfano wa kubuni. Bendi ya wanafunzi wanne wa Nairobi ina wimbo wa Kiswahili wa dakika tatu na nusu, kuhusu kijana ambaye mtaa mzima humsemea: mama, makanga, mchungaji, mwenye nyumba.

Hatua ya 1: Tazama roki bila sauti

Chagua video tano au sita za roki za miaka tofauti, zima sauti, utazame. Sauti ikiwapo utabebwa na gitaa na hutaona kitu. Andika kinachojirudia: bendi inayopiga kwa nguvu zote mahali pasipo na mtu, ghala au karakana tupu; vidole kwenye nyuzi; kijiti kikishuka kwenye dramu; uso wa mwimbaji ukijaa skrini kiitikio kinapoingia; mwanga wa kutoka nyuma, moshi, nguo nyeusi, kamera ya mkononi inayotikisika. Chini ya hayo yote kuna kaida mama: roki hutaka uamini kwamba watu hawa wanapiga vyombo wenyewe. Kwenye bongo fleva mwimbaji anaweza kusimama mbele ya gari dakika tatu nzima bila chombo hata kimoja kuonekana, na hakuna atakayelalamika. Kwenye roki watalalamika.

Huenda mhadhiri wako amekutajia Andrew Goodwin, aliyeandika kuhusu televisheni ya muziki mwaka 1992. Kwa ufupi: kila utanzu una sura zake, picha huhusiana na maneno ya wimbo, picha huhusiana pia na muziki wenyewe, kampuni ya muziki hudai msanii wake aonekane kwa karibu, kuna suala la kutazama na kutazamwa, na video hurejelea kazi nyingine. Itumie orodha hii kukagua kazi yako, lakini lile la kampuni lifikirie upya. Bendi ya chuo haina kampuni inayoidai uso wa mwimbaji. Huo ni uhuru ambao bendi zenye mikataba huupata kwa shida, na bado wanafunzi huutupa kwa kuiga video za bendi zenye mikataba.

Hatua ya 2: Ijue kaida ilikotoka

Zile nyuso nne gizani kwenye video ya bendi ya Queen ya "Bohemian Rhapsody", iliyoongozwa na Bruce Gowers mwaka 1975, zimeigwa mno. Lakini zenyewe zilikuwa marejeo: Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, na wenzake walikuwa wanarudia jalada la albamu yao ya mwaka 1974, lililopigwa picha na Mick Rock. Sehemu nyingine ya video ile ni bendi jukwaani, taa na moshi, kama kawaida. Mambo mawili yanakaa pamoja bila kugombana.

Bendi ya Nirvana nayo, mwaka 1991, chini ya mwongozaji Samuel Bayer, ilifuata karibu kila kaida ya roki kwenye video ya "Smells Like Teen Spirit": bendi, jasho, moshi, umati. Upinzani umewekwa mahali pamoja tu, kwenye sherehe ya shule. Ukumbi ni wa michezo, wasichana wa kushangilia wamevaa nguo nyeusi zenye alama ya uasi, na wanafunzi wanamalizia kwa kuvuruga kila kitu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa bendi ya The Replacements, kwa wimbo wao wa mwaka 1985. Video ya "Bastards of Young" ni nyeusi na nyeupe, na karibu yote inaonyesha spika. Mtu amekaa anasikiliza, anavuta sigara, mwishoni anaipiga spika teke. Bendi haipo kabisa. MTV, kituo cha televisheni cha video za muziki, ilikuwa imeanza mwaka 1981, na watazamaji walikuwa wameshazoea kuona nyuso na nywele saa zote. Bila mazoea hayo, spika ile ingekuwa spika tu.

Hatua ya 3: Chagua kaida moja, utaje sababu yake ndani ya wimbo

Andika sentensi moja: "Tunavunja kaida hii kwa sababu wimbo unasema hivi." Usipoweza kuimaliza, tafuta kaida nyingine.

Kwa mfano wetu sentensi ni hii: mwimbaji hafungui mdomo hata mara moja, kwa sababu wimbo ni wa kijana anayesemewa. Maneno yote yanatamkwa na midomo ya watu wengine: mama kwenye kibanda cha mboga, makanga akining'inia mlangoni, mwenye nyumba akiwa na daftari la kodi. Sauti inayosikika ni ya mwimbaji ileile. Yeye anapiga gitaa na kutazama kamera, kinywa kimefungwa.

Wazo jingine linalokuja haraka ni kuondoa weusi na giza. Halina ubaya, maana kwetu roki bado huitwa na baadhi ya watu muziki wa shetani, na fulana nyeusi yenye fuvu haisomwi Nairobi kama inavyosomwa Seattle, Marekani. Lakini hapo unajibu majirani, hujibu wimbo. Ungekuwa wimbo kuhusu tuhuma hizo, ningekwambia uende nalo.

Tahadhari: kukosa si kupinga. Kama hamkuwa na mashine ya moshi, hamkuwa nayo. Usije ukaandika kwamba mlipinga moshi.

Hatua ya 4: Piga video

Anza na bendi, tena wimbo mzima kila mara, si vipande. Weka wimbo kwenye spika yenye nguvu, na mwanzoni mwa faili ongeza milio minne ya kuhesabia ili wote waingie pamoja. Acha kamera irekodi sauti hata kama ni mbaya. Ndiyo utakayolinganisha na wimbo halisi wakati wa kuhariri. Pitisho la kwanza picha pana ya bendi yote, kisha kila mpigaji peke yake, kisha mikono. Mpiga dramu atafunika sauti ya spika, kwa hiyo funika dramu kwa taulo na matowazi kwa vipande vya raba. Apige kwa nguvu zake zote. Mkono unaopapasa huonekana papo hapo.

Chomekeni nyaya za magitaa, hata kama amplifaya imezimwa. Wapenzi wa roki huangalia waya kabla hawajaangalia uso.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukipiga fremu 30 kwa sekunde chini ya taa za ndani, ambayo ndiyo mipangilio ya simu nyingi, unaweza kupata mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Pakua programu ya kamera inayokuruhusu kuchagua, uweke fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Ukitaka mama wa mboga atembee polepole huku midomo yake ikifuata wimbo, piga fremu 50, ucheze wimbo kwa kasi maradufu, kisha punguza video hadi fremu 25. Miondoko inakuwa mizito na midomo inakaa mahali pake. Mpe muda wa kufanya mazoezi, maana kutamka kwa kasi ile ni kazi.

Mwanga wa nje: Nairobi iko karibu na ikweta, jua huzama wima na ule mwanga wa dhahabu wa jioni hauchelewi kuondoka. Kila kitu kiwe tayari kabla ya saa kumi na mbili. Jua la saa sita mchana linachimba vivuli machoni, lakini kwa mwenye nyumba mwenye daftari mimi ningelitumia makusudi.

Wanaotamka maneno wakubali kwa maandishi, na mwenye matatu pia. Kama wimbo si wenu, pateni ruhusa ya mwenyewe kabla ya kuuweka YouTube.

Hatua ya 5: Hariri

Jenga kwanza video ya kawaida kabisa ya bendi. Kata kwenye mapigo ya sneya, ile dramu yenye mlio mkali, ongeza kasi kiitikioni, acha mpiga solo apate picha ndefu ya vidole. Ikishasimama yenyewe, ingiza watu wa mtaani.

Pahali pa kuwa makini ni mstari wa kwanza wa ubeti wa kwanza. Utangulizi wote uwe roki tupu ili mtazamaji ajue yuko wapi. Mstari unapoanza, mpe uso wa mwimbaji kwa karibu, kama anavyotarajia. Sauti inaingia, mdomo hausogei. Usikate. Kaa pale sekunde mbili au tatu, kisha ndipo uende kwa mama. Ukikata mapema, watu watadhani midomo imekosa kulingana na wimbo.

Bendi itakuomba mwimbaji afungue mdomo kwenye kiitikio cha mwisho. Mimi nisingekubali. Wimbo haumpi kijana neno hata moja mwishoni, na ukimpa wewe utakuwa umeandika wimbo mwingine.

Hatua ya 6: Andika maelezo

Hapa alama nyingi hupotea. "Tulitumia picha za karibu kama video nyingi za roki" haitoshi. Taja dakika, kaida, ulichofanya, na athari yake. Kwa mfano:

"Kwenye 0:22 tunaonyesha uso wa mwimbaji kwa karibu mwanzoni mwa ubeti, sawa na kaida ya kumweka mwimbaji mbele kama nyota. Mdomo wake umefungwa huku sauti yake ikisikika. Tumebakiza fremu na kuondoa tendo lililotarajiwa ndani yake, ili nyota awe mtu anayesemewa."

Aya za kaida mlizofuata ziwe nyingi kuliko za mliyoivunja, na ziandikwe kwa bidii ileile. Mhadhiri anataka kuona kwamba waya, taulo za dramu na sekunde zile mbili vilichaguliwa. Ambatanisha picha tatu au nne zilizotolewa kwenye video yenyewe, kila moja na dakika yake.