Kupatanisha seva ya Samba na kompyuta za Windows ofisini

Mwongozo huu ni wa mwenye ofisi ndogo, tuseme ya wauza samaki hapa Kigoma, yenye seva ya Linux na kompyuta za Windows za umri tofauti. Samba ni programu inayoiwezesha seva ya Linux kugawana faili na Windows. Zote mbili zinatumia itifaki ya SMB, yaani lugha ya kompyuta kugawana faili mtandaoni, ila waandishi wa programu hizo ni tofauti. Andrew Tridgell alianzisha Samba kule Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuchungulia kompyuta zinavyozungumza mtandaoni. Ndiyo maana hugombana kwenye mambo madogo ya pembezoni.

Hatua ya 1. Jua toleo la SMB linalotumika. Kwenye seva andika smbstatus. Kwenye Windows fungua PowerShell, andika Get-SmbConnection, usome safu ya Dialect (toleo la SMB). Ukikuta 3.1.1, songa mbele.

Hatua ya 2. Usiirudishe SMB1, toleo la zamani la SMB. Samba 4.11 ya mwaka 2019 iliizima kwa mpangilio wake wa kawaida, na WannaCry, kirusi cha 2017 kilichofunga faili na kudai fidia, kilipitia kwenye SMB1. Fotokopi kuukuu ikiidai, skani kwenye flashi. Usishushe ulinzi wa ofisi nzima kwa ajili ya mashine moja.

Hatua ya 3. Kila mtu awe na neno lake la siri: smbpasswd -a jina. Windows 11 Pro 24H2, kwa mpangilio wake wa kawaida, haikubali kuingia kwenye seva kama mgeni asiyejitambulisha.

Hatua ya 4. Kagua majina ya faili. Hapa ndipo kazi ilipo. Linux inakubali "Migebuka saa 4:30.ods", Windows haitaki nukta pacha, kwa hiyo Samba inaionyesha kwa jina fupi la ajabu lenye alama ya ~. Karani atakuambia faili limepotea, kumbe lipo. Yatafute yote (/srv/ofisi ni mfano wa folda inayogawanwa):

find /srv/ofisi -name '*[?:*"<>|]*'

Yabadilishe kwenye seva. Tazama pia herufi kubwa: kwa Linux, Dagaa.xlsx na dagaa.xlsx ni faili mbili; kwa Windows ni jina moja, na mtu anaweza kuhariri hesabu za jana akidhani ni za leo.

Hatua ya 5. Fungua faili moja la Excel kwenye kompyuta mbili. Ya pili iambiwe linatumika. Folda hiyo ikifunguliwa pia kwa NFS (njia nyingine ya kugawana faili, ya Linux), weka oplocks = no, yaani kompyuta zisitunze nakala zao za faili, kwenye sehemu yake ndani ya smb.conf (faili la mipangilio ya Samba), endesha testparm kukagua mipangilio hiyo, kisha uwashe upya smbd (huduma ya Samba) na kurudia jaribio.