Gari imepigwa pasi: udai bima au ulipe fundi mwenyewe?

Watu wengi wanaamua hili jambo palepale barabarani, moyo bado unadunda, na ndo maana wanaamua vibaya. Gari ikibonyea leo si lazima uamue leo, unachotakiwa kufanya leo ni kupiga picha (magari yote, namba za usajili, barabara yenyewe, alama za breki kama zipo), kuchukua majina na namba za simu za mashahidi, na kufunga mdomo kuhusu kosa ni la nani. Mikataba mingi ya bima inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila wao kukubali, kwa hiyo hiyo "samahani bro kosa langu nitakulipa" inaweza kukuharibia hata kabla hujafika nyumbani.

Kuna hali ambazo hesabu ya kipi ni nafuu haina nafasi. Mtu akiumia, hata akisema niko poa hamna shida, ripoti polisi na ripoti bima, maana maumivu ya shingo na mgongo mara nyingi yanajitokeza kesho yake au keshokutwa, na mkiwa mmeshapeana mikono mkaachana halafu akarudi na karatasi za hospitali, bima wanaweza kukwambia hukututaarifu, pambana mwenyewe. Umegonga ukuta wa watu au nguzo, ripoti. Mwenye gari ya pili haeleweki, mara anataka hela sasa hivi mara hataki polisi waitwe, ripoti. Na kama gari bado ina mkopo, soma mkataba wa mkopo kwanza kabla hujaanza kuipeleka gereji kimyakimya. Halafu wale wenye bima ndogo, ile ya thadi pati peke yake (inalipa hasara za wengine tu, si gari yako), swali hili kwenu halipo kabisa kwa upande wa gari yako: kama kosa ni lako unajitengenezea, kama kosa ni la mwenzio unadai kwenye bima yake.

Hapa sasa pana kitu watu wanachanganya kila siku: kutaarifu na kudai ni vitu viwili. Mikataba mingi inataka uwataarifu ajali yoyote ndani ya muda fulani, hata kama hutaki hela yao. Unaweza kupeleka taarifa na kuandika wazi kwamba kwa sasa sidai, natunza haki yangu. Ukifanya hivyo unapata muda wa kupiga hesabu, na ikitokea yule jamaa akabadilika baadaye huna wasiwasi. Kasoro yake ni kwamba kuna kampuni zinaiweka hata taarifa tupu kwenye kumbukumbu zako, kwa hiyo uliza kabla, ila mi bado naona bora kutaarifu.

Haya, hesabu. Kosa kubwa ni kulinganisha bei ya fundi na eksesi peke yake (eksesi ni kile kiasi unacholipa wewe kwanza kabla bima haijatoa chochote). Gharama ya kudai ni eksesi pamoja na punguzo la kutodai utakalopoteza (yaani bei ya bima unayopunguziwa kwa kukaa miaka bila kudai), na punguzo halipotei mwaka mmoja tu, linapanda taratibu hadi lirudi lilipokuwa. Tuseme bima yako bila punguzo ni 100 kwa mwaka, weka hela yoyote unayotumia wewe. Umekaa miaka bila kudai, una punguzo la asilimia 50, unalipa 50. Ukidai unashushwa hadi asilimia 30, mwaka ujao unalipa 70, unaofuata umefika asilimia 40 unalipa 60, wa tatu ndo unarudi kwenye 50 yako. Umeongeza 20 na 10, jumla 30, weka eksesi ya 15 hapo, kudai kumekugharimu 45. Fundi akisema 40, lipa mwenyewe. Akisema 90, dai na usione aibu, si ndo maana unalipa bima. Akisema 48 au 50 mi ningelipa mwenyewe, sababu historia ya madai inakufuata hata ukihamia kampuni nyingine, na mwaka haujaisha, huwezi jua kama hutagongana tena. Ngazi za punguzo kila kampuni ina zake, ziko kwenye mkataba wako au mpigie ajenti akusomee.

Hesabu inabadilika kabisa kama huna punguzo la kupoteza (bima mpya, au ulishadai punguzo likaisha), au umelipia ulinzi wa punguzo, hapo kilichobaki karibu ni eksesi tu. Na kama kosa ni la mwenzio na bima yako ikafanikiwa kurudishiwa hela yote na bima yake, mara nyingi punguzo lako linabaki. Kioo cha mbele nacho mikataba mingi inakitenga, unaweza kudai kioo bila kugusa punguzo, kwa hiyo usikimbilie kulipa kabla hujauliza.

Ila hesabu yote hiyo ni bure kama namba ya fundi ni ya uongo, na namba ya kutazama kwa macho nje karibu siku zote ni ya uongo. Bampa la plastiki linarudi lenyewe, linaonekana limekwaruzika tu, kumbe nyuma yake kuna vishikio vimekatika, rejeta imesukumwa, sensa ya kuegesha imekufa, taa imepasuka mguu. Mwambie fundi afungue bampa kwanza ndo atoe bei, kwa maandishi, spea mbali, kazi mbali, rangi mbali, na pata bei ya gereji ya pili. Kama tairi liligonga kitu, pimisha alaimenti (kama magurudumu yamekaa sawa). Kama eabegi zimefunguka au chesisi imepinda usijadiliane na mtu, hiyo ni ya bima.

Mwenye gari ya zamani awe makini zaidi. Matengenezo yakikaribia thamani ya gari, bima wanaweza kuamua haifai kutengenezwa, wanakulipa thamani ya soko ya sasa (sio uliyonunulia) wakitoa eksesi, na mabaki mara nyingi yanakuwa yao. Gari inayotembea vizuri kabisa inaweza kukutoka hivyo kwa sababu ya milango miwili na rangi. Pia kuna bima ambao wakiweka spea mpya kwenye gari kuukuu wanakutaka uchangie tofauti ya thamani ya spea mpya na ya zamani.

Mkiamua kumalizana wenyewe na mwenye gari ya pili, muandikiane: tarehe, namba za magari, kiasi, na sentensi kwamba malipo haya yanamaliza madai yote ya uharibifu wa ajali hii, wote mnasaini, hela ipite kwa simu au benki ibaki na ushahidi. Na usimruhusu fundi aanze kunyoosha bodi kabla hujaamua, kwa sababu mkaguzi wa bima akikuta imeshatengenezwa hana cha kukagua, na dai lako linaweza kukataliwa hata kama hesabu ilikuwa upande wako.