FOB ya wapi?

Mnunuzi akikuandikia "FOB yako bei gani?", usikimbilie kutaja bei. Muulize: FOB ya wapi? Mimi nauza parachichi za Hass kutoka Rungwe, na swali hilo nimelijua kwa hasara.

Herufi tatu tatu kama hizi za FOB ni Incoterms, kanuni za kuuziana mizigo zinazotolewa na Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara kilichoko Paris. Zilianza 1936, toleo la sasa ni la 2020, nazo ziko 11. Zinajibu hasa mambo mawili: nani alipie mpaka wapi, na mzigo ukiharibika njiani hasara ni ya nani. Mambo hayo si lazima yaishie mahali pamoja, na hapo ndipo tunapokamatwa.

FOB Dar es Salaam maana yake mzigo ni jukumu lako mpaka uingie melini. Kontena langu la baridi lilishuka Kitonga salama, likafika bandarini, meli ikachelewa. Likisubiri uwanjani, likakosa umeme. Parachichi zikalainika. Nilimnunia mnunuzi bure, maana hazikuwa zimepakiwa, kwa hiyo zilikuwa zangu.

Siku hizi mzigo wa kontena nauza FCA. Naandika mahali kamili: "FCA, ghala letu Tukuyu, Incoterms 2020." Nikishapakia kwenye lori la msafirishaji wa mnunuzi, hatari ni yake. Taratibu za forodha za kutoa mzigo nchini bado ni zangu. (EXW, yaani mnunuzi auchukue mzigo mlangoni kwako, humwachia hata hizo; mgeni atazianzia wapi?)

CIF ina mtego wake. Muuzaji hulipa nauli ya meli na bima mpaka bandari ya mnunuzi, lakini hatari humhamia mnunuzi mzigo unapopakiwa kule unakotoka. Ukiagiza mashine kutoka China kwa CIF Dar es Salaam, ikipata dhoruba baharini, wewe ndiye unayefuatilia bima, na bima inayodaiwa na CIF ni ya kiwango cha chini. Omba ya juu kabla hujasaini. Kisha weka pembeni hela ya ushuru, ya wakala wa forodha, na ya lori la kupandisha mpaka Mbeya. Hakuna hata moja iliyo ndani ya CIF.

Lini ulipwe na lini mali ibadilishe mwenyewe, Incoterms hazisemi. Hayo yaandikeni kwenye mkataba. Mimi hudai sehemu ya malipo kabla vijana hawajapanda mtini.