Toroli la kukunja la kubebea ampu ya gitaa: lipi linafaa?

Lebo ya toroli hutaja kilo linazobeba, na namba hiyo ni ya kweli kwenye sakafu ya duka. Ampu yako inapita kwingine: inashuka kwenye buti ya Noah au Probox, inavuka changarawe za maegesho, inapanda vidato vitatu vya mlango wa nyuma wa ukumbi, kisha inapita jikoni kwenye vigae vyenye maji. Kabla ya kuuliza bei, ipitie njia hiyo kichwani hadi upate sehemu yake mbaya kuliko zote. Nunua toroli la sehemu hiyo.

Uzito kwanza. Fender Twin Reverb ya '65 ina kilo 29 hivi, Vox AC30 ya spika mbili inafika 32, na kabati la Marshall 1960A lenye spika nne za inchi 12 ni kama kilo 36, kichwa chake, yaani kisanduku cha ampu yenyewe kinachokaa juu ya kabati, hakijahesabiwa. Ongeza begi la pedali, nyaya na stendi, kisha zidisha jumla kwa mbili. Mzigo wa kilo 40 unataka toroli la kilo 80 au zaidi. Gurudumu likidondoka kutoka ukingo wa baraza, mzigo unatua kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake, na kinachopokea kishindo ni riveti na bawaba chache tu. Ampeg SVT-810E, lile kabati la besi la kilo 63 hivi, lina magurudumu yake na upau wa kuvutia mgongoni, kwa hiyo usilitafutie toroli.

Magurudumu

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Matoroli mepesi ya aluminiamu, yale yanayokunjika yakawa bapa kama begi la kompyuta, huwa na magurudumu ya inchi 5, yaani sentimita 12 na kitu. Kwenye vigae na lami yanateleza vizuri. Yakikutana na kizingiti cha sentimita 4 yanagoma, na mzigo wote unasukumwa mbele, kuelekea ulipokuwa unaenda. Kwenye vitofali vya uani yanatetemesha ampu mpaka skrubu za spika zinalegea. Ukipiga zaidi kwenye kumbi za mjini zenye sakafu laini, inchi 5 zinatosha. Penye changarawe, udongo au ngazi, tafuta inchi 8 hadi 10.

Tairi la upepo humeza mtikisiko kuliko jingine lolote, ila linahitaji pampu, na pancha haichagui siku. Mpira mgumu ni mwafaka wa katikati. Plastiki tupu yenye utando mwembamba wa mpira iache dukani, maana utando hubanduka, na rimu ya vipande viwili hupasuka kwenye mshono. Kwa hoteli za ufukweni angalia pia upana. Gurudumu la sentimita 3 linazama mchangani hata liwe kubwa namna gani, na hapo heri watu wawili wabebe kwa mikono.

Shika gurudumu ulitikise kushoto na kulia. Likicheza kidogo si neno. Likiyumba waziwazi, ujue linazunguka kwenye tundu la plastiki lisilo na beringi, na tundu hilo litaendelea kupanuka.

Bamba la chini

Twin ina upana wa sentimita 67, kimo 50 na kina 27. Ikisimama mgongo ukiwa umeegemea fremu, bamba la chini liwe na kina cha sentimita 20 au zaidi. Kwa kabati la Marshall, lenye kina cha 36 hivi, tafuta 25 hadi 30. Bamba fupi huacha uzito ukining'inia mbele ya bawaba. Ampu haitaanguka siku ya kwanza, lakini bamba litaanza kuinama, na bamba lililoinama halirudi.

Mkono wa kuvuta wenye vipande vitatu hupwaya kuliko wa viwili. Ukivutwa wote, ufike kiunoni au juu kidogo toroli likiwa limelazwa.

Jaribu kabla ya kulipa

Omba madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji, ambayo ni kilo 40. Yafunge kwenye toroli, lilaze, livushe kizingiti cha duka mara tano kwa kulivuta kinyumenyume. Halafu shusha mzigo uangalie kama bamba bado liko pembe mraba na fremu, na kama komeo la mkono linajifunga bila kupigwa ngumi. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mshukuru uende duka la pili.

Kufunga mzigo

Zima ampu na uiache ipoe dakika kumi hivi kabla ya kuisogeza, kwa sababu valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, zikiwa moto haziupendi mtikisiko. Ivalishe kifuniko chake, kisha iweke mgongo kwenye fremu. Ampu nyingi za aina ya Twin zina mgongo wazi, na valvu zimening'inia humo humo, hivyo hakikisha komeo la toroli haliingii kwenye uwazi huo.

Kamba ya mpira inayokuja na toroli ni ya maboksi. Inanyumbuka, na kila ukipiga shimo ampu inaruka kidogo mbele. Tumia mkanda wa kukaza wa milimita 25, upite chini ya vitufe, usivikandamize. Kitambaa cha spika nacho kilinde kwa kipande cha kadibodi nene. Kaza mpaka ampu isicheze, halafu acha.

Kichwa cha ampu usikipandishe juu ya kabati kwa safari moja. Transfoma zake ni nzito, na toroli likiinama pembeni kichwa ndicho kinachotangulia. Safari mbili.

Kwenye ngazi, panda kinyumenyume, kidato kimoja kimoja, mtu wa pili akishikilia chini. Kushuka, wewe uwe juu na toroli liwe mbele yako.

Toroli la magurudumu manne, kama yale ya Rock N Roller yenye makubwa mawili nyuma na madogo yanayogeuka mbele, linafaa pale unapobeba ampu, kibodi na stendi kwa pamoja kwenye korido ndefu. Hakikisha yale ya mbele yana breki, maana maegesho mengi yana mteremko usiouona mpaka mzigo uanze kuondoka wenyewe.

Ukirudi kutoka pwani, suuza magurudumu kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, tia tone la mafuta kwenye ekseli na bawaba. Nati zikaze kila baada ya shoo chache, na ubebe pini moja ya ziada ya gurudumu kwenye begi la nyaya. Ni kidude kidogo sana, na kikipotea usiku gurudumu linachomoka.