Mashine ikianguka kila siku kwa sababu mpya, pima RAM kwanza

Natengeneza kompyuta hapa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka barabara ambayo maroli hupanga foleni kuvuka mpaka. Mashine nitakayoieleza ni ya mama mmoja anayechapa barua na kutoa fotokopi kwa madereva na mawakala wa forodha. Ni kompyuta ya mezani, ya miaka mingi, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi ikiwa imewaka) mbili za aina ya DDR3, kila moja 4 GB. Nilikuwa nimemwekea Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux, kwa sababu flashi za wateja zilimletea virusi kila wiki.

Ilianza kuganda mchana. Siku ya kwanza nikalaumu printa mpya. Siku ya pili nikafuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Siku ya tatu, saa nane na nusu mchana, ikaanguka tena watu wakiwa wamejaa mlangoni. "Mwanangu," mama akaniambia, "leo nimerudisha pesa za watu sita." Nilirudi nyumbani na maneno hayo kichwani. Kesho yake nikaanza upya, safari hii kwa utaratibu, na ndio ninaouandika hapa.

Piga picha kabla ya kuzima

Keneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi, na ndiyo inayogawia programu zote nafasi kwenye RAM. Programu ya kawaida ikikuta data iliyoharibika, hufa peke yake na nyingine zikaendelea. Keneli ikikuta uharibifu kwenye majedwali yake yenyewe, hakuna aliye juu yake wa kuiokoa, kwa hiyo inasimamisha mashine nzima. Mara nyingi inasimama kabla haijaandika lolote kwenye diski. Kwa hiyo skrini ikijaa maandishi, toa simu upige picha, hata kama mwenye mashine anakuhimiza uwashe haraka. Kama keneli iliwahi kuandika, utayakuta maandishi hayo baada ya kuwasha tena, kwa amri hii:

journalctl -k -b -1

Hiyo -1 ni kusema "mara iliyopita ilipowaka", si sasa. Ikikujibu kwamba haina kumbukumbu za nyuma, tengeneza folda /var/log/journal, washa mashine upya, kisha subiri ianguke tena.

Nilikuwa na picha tatu za siku tatu. Ya kwanza ilisema "BUG: unable to handle page fault for address" na ikataja programu ya kuchapa. Ya pili ilisema "general protection fault" na ikataja kivinjari. Ya tatu ilikuwa "Bad page state in process", na saa hiyo hakuna aliyekuwa amegusa kibodi. Nilipozilaza picha hizo pamoja mezani ndipo nikaona nilichokuwa nikikikosa. Draiva (programu inayoiwezesha keneli kuendesha kifaa kama printa) ikiwa mbovu ina tabia ya kurudia: jina lilelile, kazi ileile. RAM mbovu ni kama nyumba ya wageni yenye chumba kimoja kinachovuja. Chumba ni kilekile kila usiku, lakini anayelowa ni mgeni mwingine.

Kwenye Windows utaona mambo hayohayo kwenye skrini ya bluu: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Moja ikijirudia peke yake, chunguza draiva kwanza. Zikipokezana, shuku RAM.

Kuna ujumbe mmoja unaowapoteza vijana wengi wanaojifunza kazi hii kwangu: "Out of memory: Killed process". Huo hausemi RAM imeharibika. Unasema RAM ni ndogo kuliko kazi, na keneli imeua programu moja ili nyingine zipumue. Na ukikuta "Unable to mount root fs", keneli imeshindwa kufikia diski ya mfumo. Usifungue RAM kwa ajili ya hiyo.

Mama alinionyesha dalili nyingine ambayo sikuwa nimemuuliza. Kwenye orodha aliyochapa, neno "mizigo" lilitoka "miZigo". Alidhani ni kidole chake. Litunze neno hilo, tutalirudia.

Kupima

Tumia Memtest86+. Ni ya bure, inawekwa kwenye flashi, na mashine inawaka kutoka flashi hiyo bila kupitia mfumo wowote. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: kipimo kinachoendeshwa ndani ya Ubuntu au Windows hakiwezi kugusa sehemu ya RAM ambayo keneli yenyewe imekalia. Windows ina chake, mdsched, ambacho huwasha mashine upya kabla ya kupima. Kinafaa kama huna flashi, lakini kikisema hakuna tatizo, mimi siridhiki mpaka Memtest86+ nayo iseme hivyo. Flashi ikikataliwa, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, uzime Secure Boot, kinga inayokataa flashi isiyotambuliwa. Ukiwa humohumo, rudisha mipangilio ya kiwandani, maana RAM iliyoongezewa kasi kuliko uwezo wake hutoa makosa hata kama ni nzima.

Usipime usiku. Najua usiku ndio wakati mashine haina kazi, na ndivyo nilivyofanya: raundi mbili, hakuna kosa hata moja. Lakini duka la mama limeezekwa mabati, na mchana ndani mle ni tanuri. Chipu iliyochoka huweza kushika vizuri ikiwa baridi na kuachia ikipata joto. Nikarudisha mashine mahali pake, kifuniko kimefungwa, saa sita mchana. Kwa hizo 8 GB raundi moja ilichukua karibu saa moja na nusu, na mistari myekundu ilitokea raundi ya pili. Kwa hiyo raundi moja haitoshi. Fanya nne ukiweza, na uiunganishe mashine kwenye UPS (betri ya akiba), kwa sababu umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Kosa moja tu linatosha. Nasisitiza hapo kwa sababu nimesikia mafundi wakimwambia mteja, "Makosa matatu kwenye mabilioni si kitu." Kwenye RAM kinachokubalika ni sifuri.

Soma mistari hiyo, usiangalie wekundu wake tu. Kila mmoja una anwani (namba ya mahali ndani ya RAM), kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kwetu ilikuwa hivi: anwani 7c4a2e40, kilichotarajiwa ffffffff, kilichopatikana ffffffdf. Linganisha mwisho. ff kwa biti, yaani tarakimu za 0 na 1, ni 11111111, na df ni 11011111. Biti moja imedondoka, ya tano ukihesabu kutoka kulia ukianzia sifuri. Sasa turudi kwenye "miZigo". Kompyuta huhifadhi z ndogo kama 7a na Z kubwa kama 5a, na tofauti yake ni biti hiyohiyo ya tano. Herufi ilipoangukia kwenye chumba kinachovuja, biti ikazima, z ikawa Z. Mama alikuwa ameshika ushahidi mkononi siku zote mimi nikihangaika na printa.

RAM ipi?

Anwani haikuambii. RAM mbili zikifanya kazi pamoja, mashine huzipangia data kwa kupokezana, kipande hapa kipande pale. Lazima uzitenganishe.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha. Fungua vibano vya pembeni, RAM itainuka yenyewe. Tazama meno yake ya dhahabu. Za mama zilikuwa na utando wa kahawia, vumbi letu jekundu lililochanganyika na mafuta ya vidole. Futa meno kwa ufutio wa penseli, taratibu, kuelekea chini, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Ndani ya sloti, mfereji RAM inapochomekwa, tumia brashi laini kavu. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia.

Usiamini bado kwamba umemaliza, ila pima tena hapo hapo zikiwa zote mbili. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu hupona kwa ufutio tu, na kumuuzia mtu RAM asiyoihitaji ni wizi. Yetu haikupona.

Baada ya hapo weka RAM ya kwanza peke yake kwenye sloti ya kwanza, upime. Itoe, weka ya pili kwenye sloti ileile, upime. Andika kwenye karatasi, kwa sababu jioni utachanganya. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilitoa makosa: anwani ilikuwa nyingine kwa kuwa mpangilio ulibadilika, lakini biti ilikuwa ileile ya tano. Mwisho chukua ile nzima uipime kwenye sloti ya pili. Kosa likiifuata RAM, RAM ndiyo mbovu. Likibaki kwenye sloti hata ukiweka RAM nzima, tatizo ni bodi. Zote zikiwa safi peke yake na zikigombana zikiwa pamoja, angalia maandishi juu yake: huenda umechanganya DDR3 ya volti 1.5 na DDR3L ya 1.35, au kasi mbili tofauti. Na kama makosa yanatawanyika kila mahali, biti yoyote, anwani yoyote, RAM yoyote, azima pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine) nzima ujaribu kabla ya kununua chochote.

Kwenye laptopu ambayo RAM yake imechomelewa kwa risasi kwenye bodi, huwezi kuichomoa. Kwa Linux unaweza kuiambia keneli iache eneo bovu. Kwa anwani ya hapo juu ungeongeza memmap=64K$0x7c4a0000 kwenye mstari wa keneli, yaani maelekezo inayopewa mashine inapowaka. Ukiandika ndani ya /etc/default/grub, hiyo alama ya dola itangulizwe na mikwaju mitatu ya nyuma (\\\$), kisha uendeshe update-grub. Ni kiraka, na chipu iliyoanza kuoza huendelea kuoza, kwa hiyo mwambie mwenye mashine ukweli huo kabla hujachukua pesa yake.

Baada ya kubadilisha

Hapa ndipo nilipoona ubaya wa haraka yangu ya siku ya pili. Niliuweka mfumo upya nikiwa na RAM mbovu, maana yake kila faili ilipita kwenye chumba kinachovuja kabla ya kufika kwenye diski. Niliendesha debsums -s, inayolinganisha faili za programu na alama zake za asili, na faili mbili zilikuwa zimebadilika. Kwenye Windows amri yake ni sfc /scannow. Kagua pia diski kwa fsck ukiwa umewasha kutoka flashi. Nakala za akiba zilizofanywa wiki ile zifungue moja moja. Sisi tulirudi kwenye nakala ya kabla ya matatizo, tukachapa upya barua kumi na moja.

Ile RAM mbovu usiitupe bila kuivunja. Inaokotwa, inasafishwa, na mwezi ujao inauzwa kwa mtu mwingine kama nzuri. Ya mama niliikata katikati kwa koleo, mbele yake, nikampa vipande vyote viwili.