Jinsi ya kuchora ramani yako ya kwanza ya Doom

Kwa anayetaka kujifunza kutengeneza ramani za michezo ya kompyuta, ninaamini hakuna mwalimu mzuri kuliko Doom, mchezo wa kupigana na maadui kwa bunduki, uliotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani mnamo Desemba 1993. Waliouunda waliweka ramani, picha na sauti zake katika faili za WAD, mbali na programu yenyewe, ili mtu yeyote aweze kuongeza ramani zake bila kuugusa mchezo wa asili. Mwaka 1994 wapenzi wa mchezo huo walikuwa tayari wamejitengenezea kihariri, yaani programu ya kuchorea ramani, kilichoitwa DEU, na mwishoni mwa 1997 kampuni ikaachia msimbo wa mchezo wenyewe. Ndiyo maana leo zana zote unazohitaji zinapatikana bure, na zinafanya kazi hata kwenye kompyuta ambayo haiwezi kabisa kubeba michezo mipya.

Pakua vitu vitatu. Cha kwanza ni kihariri: Ultimate Doom Builder kwa wenye Windows, au SLADE, ambayo hutumika pia kwenye Linux na Mac. Cha pili ni injini ya kuendeshea mchezo, na GZDoom inatosha. Cha tatu ni faili kuu la mchezo, yaani WAD yenye picha, sauti na maadui wake. Kama hukununua Doom II, tumia Freedoom, ambayo ni mradi huru wenye picha, sauti na maadui wake, na majina ya picha zake yanalingana na yale ya Doom. Unapofungua kihariri kwa mara ya kwanza, kionyeshe lilipo faili hilo kuu na ilipo injini, kisha anzisha ramani mpya, ukichagua muundo wa Doom badala ya ule wa UDMF, ambao ni namna nyingine ya kuhifadhi ramani. UDMF una uwezo mkubwa zaidi, lakini una chaguo nyingi mno kwa anayeanza, na namba za matendo (namba zinazouambia mstari ufanye nini, kama kufungua mlango) nitakazotaja hapa ni za muundo wa Doom.

Kabla ya kuchora chochote, elewa unachokitazama. Kihariri kinaonyesha ramani kutoka juu, kama mchoro wa fundi anayepanga vyumba vya nyumba. Kuna vipeo, yaani nukta. Kuna mistari inayounganisha vipeo hivyo. Na kuna sekta, ambayo ni eneo lililozungushiwa mistari pande zote. Sekta ndiyo moyo wa kazi yote, kwa sababu ndiyo inayobeba kimo cha sakafu, kimo cha dari, picha za sakafu na dari, na kiwango cha mwanga. Mbali na hayo kuna vitu: mahali anapoanzia mchezaji, maadui, silaha, risasi na dawa. Katika Ultimate Doom Builder unahama kati ya kuhariri vipeo, mistari, sekta na vitu kwa herufi V, L, S na T. Jambo la kukumbuka ni kwamba kila sekta ina sakafu moja na dari moja tu, hivyo huwezi kuweka chumba juu ya chumba kingine. Usilichukulie hilo kuwa upungufu, kwani ndilo linalokuwezesha kuiona ramani nzima kwa mara moja na kuifikiria ikiwa imetandazwa mbele yako.

Weka gridi (miraba ya kukuongoza unapochora) kwenye uniti 64, uniti ikiwa kipimo cha urefu cha mchezo huu, chora chumba chenye upana wa 512 na urefu wa 384, na urudi kwenye nukta uliyoanzia ili mistari ifunge. Papo hapo utakuwa na sekta. Ipe sakafu ya kimo 0, dari ya 128 na mwanga wa 192, weka mahali anapoanzia mchezaji wa kwanza, kisha bonyeza F9 uingie ndani na kutembea. Fanya hivyo sasa, wakati kuna chumba kimoja tu, na uendelee kufanya hivyo baada ya kila badiliko dogo, kwa sababu kosa lililoingia dakika mbili zilizopita hupatikana kwa urahisi, ilhali lililozikwa chini ya vyumba kumi na viwili huweza kukufanya uiache ramani.

Vipimo vya mchezaji ndivyo vinavyotawala vipimo vingine vyote. Ana upana wa uniti 32 na kimo cha 56, macho yake yako uniti 41 juu ya sakafu, na anaweza kupanda kwa hatua moja kimo kisichozidi 24. Njia ya upana wa 64 inapitika, lakini hubana mara mapigano yanapoanza. Mimi hupendelea 128 kwa njia kuu na kuacha 64 kwa vichochoro vya siri. Ngazi za kupanda uniti 8 au 16 huonekana vizuri. Ukizidisha 24, umeunda ukingo ambao mchezaji anaweza kuruka chini kutoka kwake lakini hawezi kuupanda tena, na hiyo ni njia bora ya kumlazimisha atafute mzunguko mwingine.

Mlango ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tuuendee polepole. Tenganisha vyumba viwili kwa pengo jembamba, tuseme la uniti 16, kisha chora sekta ndogo inayojaza pengo hilo na kugusana na vyumba vyote viwili. Hiyo ndiyo sekta ya mlango. Shusha dari yake hadi ilingane na sakafu, hapo mlango umefungwa. Mistari miwili inayotazamana na vyumba ipe tendo namba 1, ambalo hufungua mlango, hungoja kidogo na kuufunga tena. Sasa angalia kijistari kidogo kinachochomoza katikati ya kila mstari: kinaonyesha upande wake wa mbele. Upande huo lazima uelekee chumbani, kwa kuwa tendo hilo huinua dari ya sekta iliyo nyuma ya mstari. Ukielekea ndani ya mlango, mchezaji atabonyeza bila jibu lolote. Weka picha ya mlango, kwa mfano BIGDOOR2 yenye upana wa 128, kwenye sehemu ya juu ya mistari hiyo upande wa vyumba, na DOORTRAK kwenye kuta mbili fupi za pembeni. Kuta hizo fupi ziwekee alama inayoonekana kwenye programu kwa jina la Lower Unpegged, la sivyo picha zake zitapanda pamoja na mlango unapofunguka.

Ukishauelewa mlango huo, mengine hufuata. Tendo namba 26 ni la mlango unaohitaji ufunguo wa buluu, 27 wa njano na 28 mwekundu. Lifti hutumia tendo 62, lakini hapo mstari unaobonyezwa na sekta inayoshuka ni lazima vipewe namba moja ya utambulisho ili vifahamiane. Kumaliza ramani, chagua ukuta mmoja, uwekee picha ya swichi na tendo 11.

Kila mahali ambapo sakafu au dari za sekta mbili jirani hazilingani, sehemu ya mstari hubaki wazi na huhitaji picha. Ukiisahau, ukuta huonekana umetoboka au umechafuka kwa rangi za ajabu. Ultimate Doom Builder ina ukaguzi wa ramani, unaofunguliwa kwa F4, ambao huorodhesha makosa ya aina hii.

Baada ya hapo shughulikia mwanga, ambao wanaoanza huupuuza kuliko kitu kingine chochote. Viwango vyake ni kuanzia 0 hadi 255, na Doom ya asili huvionyesha kwa hatua za 16, hivyo tofauti ya 4 au 5 haitaonekana. Chora sekta nyembamba chini ya dirisha uipe 224, acha chumba kilichobaki kwenye 144, na pembe ya mbali ishuke hadi 96. Chumba kilekile kitaonekana kipya, na mchezaji ataenda kwenye mwanga bila kuelekezwa na mtu.

Maadui nao wana vipimo vyao. Imp ana upana wa 40, Demon 60 na Mancubus 96, na adui hapiti mahali palipo pembamba kuliko mwili wake. Mlio wa bunduki husafiri kutoka sekta hadi sekta na kuamsha kila adui aliye njiani, ila mlango uliofungwa huuzuia. Ukitaka adui asishtuke kwa mlio na amsubiri mchezaji hadi amwone, mpe alama ya kuvizia. Kuhusu risasi, piga hesabu badala ya kukisia. Imp ana uhai wa 60, na risasi moja ya shotgun, vipande vyake vyote saba vikimpata, humpunguzia wastani wa 70. Lakini vipande hutawanyika, kwa hiyo kwa Imp kumi weka risasi zisizopungua 15, kisha cheza mwenyewe ukianza na bastola pekee.

Mwisho mpe rafiki aicheze ukiwa umekaa pembeni yake, na usiseme neno: anaposimama na kuzungukazunguka, hapo ndipo ramani inapohitaji kurekebishwa. Unapoisambaza, weka faili lako la WAD katika zip pamoja na faili fupi la maandishi linalotaja injini uliyoijaribia, faili kuu linalohitajika, namba ya ramani, na viwango vya ugumu ulivyoviandaa. Usiambatishe faili kuu la Doom II, kwa sababu bado linauzwa na lina haki miliki. Anayetaka kuicheza ramani yako atatumia nakala yake, au Freedoom.