Mwache yangeyange, shughulika na maji ya mbu

Vuli ikianza, yangeyange hujaa kwenye majaluba ya Magu na Misungwi, mkoani Mwanza, na mbayuwayu kutoka Ulaya nao huwa wameshafika ukanda wa ziwa. Mbu huongezeka msimu huohuo. Basi wapo wafugaji wa kuku wanaowarushia ndege hao mawe, wakiamini ndege ndio waleta magonjwa. Wana hoja, lakini nusu.

Chukua virusi vya West Nile, vilivyogunduliwa mwaka 1937 kwa mgonjwa wa huko West Nile, Uganda. Maskani yake ni damu ya ndege. Mbu wa jamii ya Culex, wale wa usiku wapendao maji machafu, humng'ata ndege mwenye virusi, na baada ya siku kadhaa huweza kumwambukiza ndege mwingine, mtu au farasi. Mtu na farasi huweza kuugua, ila damu yao haina virusi vya kutosha kumwambukiza mbu mwingine. Kuku huambukizwa bila hata kuonekana mgonjwa; Marekani huwafuga makusudi vizimbani na kuwapima damu, wajue kama virusi vimeingia.

Kinachokula mfuko wako ni ndui ya kuku. Mbu huibeba mdomoni kutoka kwa kuku mgonjwa. Ndege wa porini wana ndui zao, mara nyingi si hii. Chanja kabla ya mvua, kwa sindano ya ncha mbili kwenye ngozi ya bawa. Siku ya 7 hadi ya 10 geuza bawa utafute kivimbe au kigaga pale ulipochoma. Usipokiona kwa kuku wengi, chanjo haikushika. Huenda iliharibiwa na joto njiani.

Kwenye joto letu, yai la mbu huwa mbu kamili kwa takribani wiki moja. Kwa hiyo kila wiki mwaga na usugue vyombo vya kunyweshea, na toa maji kwenye tairi na ndoo kuukuu. Funika shimo la choo, weka wavu kwenye bomba lake la hewa na madirisha ya banda. Jaluba zima hulimwagi, ila banda lisijengwe ukingoni mwake.

Ukikuta ndege wa porini amekufa, usimshike kwa mkono mtupu. Wakifa wengi, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo: huenda ni kideri (Newcastle) au mafua ya ndege, na hayo hayasubiri mbu.